Dakika Saba za Bi Salanieta

Bi Salanieta Bulitavu, msimamizi wa majungu ya mvuke, anastaafu Ijumaa tarehe 28 Novemba baada ya kukitumikia Kiwanda cha Samaki cha Vatuloa kwa miaka thelathini na minne. Kila anachokijua kuhusu kazi hiyo alifundishwa na mimi, Taniela Drauna wa stoo ya vipuri.

Sentensi hiyo ya pili si kweli. Niliipeleka ofisini ikarudi na alama nyekundu, na kwa kuwa wino ni wa ofisi nimeamua kuiacha na kuungama hapahapa. Nilichomfundisha Bi Salanieta ni mahali pa kutundika koti la mvua siku ya kwanza, na hata huo msumari ulikuwa umelegea.

Kamati ya sherehe ilitaka aandike mtu aliyemfahamu kwa muda mrefu kuliko wote. Wengine wa umri wangu wamekufa au wamekwenda Australia kuchuma matunda, kwa hiyo kalamu imeniangukia mimi niliyeishia darasa la saba. Wasomaji wajue pia kwamba mimi ni mtani wake. Yeye ni wa Korolailai, mimi ni wa Waidamu, na watu wa vijiji hivyo wana ruhusa ya mababu ya kutukanana pasipo kununiana, na ya kunyang'anyana vitu pasipo kushtakiana. Ruhusa ya pili ameitumia zaidi yeye.

Aliingia hapa akiwa na miaka ishirini na mmoja, akawekwa mezani pa kusafisha samaki, kisu mkononi, maji ya baridi miguuni, kuanzia asubuhi mpaka jioni. Alikaa mezani hapo miaka tisa. Aliyempandisha kwenye majungu ni meneja wa zamani aliyemwona akitoa hesabu ya makopo ya zamu nzima kwa kichwa huku karani mwenye kikokotoo akiwa bado anatafuta miwani. Alikuwa mwanamke wa kwanza kushika mvuke Vatuloa. Wanaume wawili waliomba kuhamishwa kwa kukataa kuamrishwa na mama wa visu. Walihamishwa. Kazi ikaenda vizuri zaidi.

Katika kimbunga kile kilichochukua paa la ghala, yeye ndiye aliyebaki kutoa mvuke jungu moja baada ya jingine huku mabati yakiruka nje kama karata. Hakuna jungu lililopasuka. Alipoulizwa baadaye kama aliogopa, alisema aliogopa sana, ila majungu yalikuwa sita na ilibidi aogope kwa zamu.

Sasa nifike kwenye habari ambayo kila mtu ananiuliza kama nitathubutu kuiandika.

Miaka kumi na miwili iliyopita majungu yaliunganishwa na kompyuta. Programu ya kuhesabu dakika iliandikwa na Bwana Deo Narayan, fundi wetu wa wakati ule, ambaye siku hizi yuko Brisbane na ana nyumba yenye gereji mbili. Aliiandika kwa wiki mbili akiwa amekaa palepale chumba cha mitambo, nyimbo zake za sinema zikiimba kutoka kwenye kompyuta hiyohiyo. Utaratibu wake ni rahisi. Bi Salanieta anafungua mvuke, skrini inaanza kuhesabu, ikifika dakika sabini na tano kengele inalia, naye anafunga mvuke kwa mkono. Kipimo kilichoko kwenye bomba kinapeleka makao makuu, Suva, taarifa ya saa ya kufungua na saa ya kufunga. Samaki akipungukiwa na dakika ni hatari kwa mlaji. Akizidishiwa, nyama inalegea, mchuzi unageuka rangi ya chai, na mnunuzi anarudisha mzigo.

Deo alipoondoka, Bi Salanieta alirithi kompyuta, akatoa nyimbo za sinema na kuweka kwaya ya akina mama wa kanisa la Korolailai. Kwaya hiyo imeimba katika chumba cha mitambo kila siku ya kazi tangu wakati huo. Ina nyimbo kumi na nne. Sisi wa stoo, tunaopakana nao ukuta, tunazijua zote, pamoja na mahali ambapo mama mmoja wa sauti ya pili anakohoa.

Kitu cha pili alichoweka ni daftari. Ni daftari la shule, la mistari, na humo huandika kwa saa yake ya mkononi muda aliofungua mvuke na muda aliofunga, kila jungu, kila siku. Hakuna aliyemwagiza. Yapo madaftari arobaini na moja, na nina hakika na idadi hiyo kwa sababu yanajaza rafu yangu ambayo ilipaswa kuwa na mikanda ya mashine.

Karibu miaka kumi iliyopita nilimfanyia utani. Alipotoka kunywa chai ya majani ya mlimao, niliingia nikaizima kwaya, nikakaa kimya nione atafanya nini. Aligundua baada ya jungu moja kutoka. Hakugombeza. Aliangalia daftari, akaangalia samaki, akaniambia kwamba kwaya ikinyamaza samaki wanachelewa kutoka, na akabandika karatasi juu ya skrini: USIZIME KWAYA.

Mtani wenu angefanya nini na maneno kama hayo? Nilikwenda nayo kantini. Kufikia saa ya mihogo kiwanda kizima kilikuwa kinajua kwamba Bi Salanieta anapika kwa msaada wa malaika wa sauti ya kwanza. Nikampa jina, Mama wa Malaika. Jina lilishika. Wageni walielezwa habari hiyo kabla hawajaoneshwa choo.

Februari mwaka huu Suva waliamua kompyuta zote zipewe mfumo endeshi mpya, kwa sababu wa zamani haukuwa unahudumiwa tena na waliouunda. Ya chumba cha mitambo ilikuwa imezeeka mno kuupokea mfumo huo, kwa hiyo ikaletwa mashine mpya, ikapakiwa programu ileile ya Deo na kwaya ileile, na ya zamani ikatupwa kwangu. Kila kitu kiliwaka vizuri. Wiki ya pili samaki walianza kutoka laini. Wiki ya nne mnunuzi wa ng'ambo alirudisha mzigo mzima.

Meneja wetu, Bwana Kishore Lal, alikuwa na miezi mitano tu hapa. Nitasema ukweli juu yake: ni mtu mzuri anayependa takwimu kuliko watu, na tangu Machi amepunguza. Alichapisha taarifa za bomba la mvuke akaona jambo liko wazi. Samaki anatakiwa dakika sabini na tano, skrini inahesabu sabini na tano, lakini mvuke unafungwa baada ya dakika themanini na mbili. Kati ya kengele na mkono wa Bi Salanieta, dakika saba zilikuwa zinapotea.

Bi Salanieta alimweleza kwamba anafunga kengele inapolia, na kwamba mashine ndiyo imekuwa mvivu. Bwana Kishore alilinganisha saa iliyoko pembeni mwa skrini na simu yake. Zilifanana mpaka sekunde. Suva walihisi labda ni habari ya saa za kiangazi, ile ya kusogeza mishale iliyotusumbua miaka ya nyuma, wakachungulia huko, hawakukuta kitu. Ikabaki sababu moja, nayo ilikuwa na miaka hamsini na mitano na miguu inayovimba.

Barua ilikuja Jumatatu. Aeleze dakika saba kabla ya mwisho wa mwezi. Akishindwa, angeondolewa kwenye majungu na kumalizia miezi yake iliyobaki mezani pa kusafisha samaki, na cheti chake cha utumishi kingetaja sababu. Yaani kisu kilekile, maji yaleyale, alikoanzia akiwa binti.

Aliisoma barua mbele yangu, akaikunja mara nne, akaiweka ndani ya daftari.

Kilichotokea ofisini siku iliyofuata nilikishuhudia kwa sababu nilikuwa nimekwenda kupeleka balbu. Nilipeleka balbu moja, nikaifunga polepole sana. Bi Salanieta alifungua daftari kwenye ukurasa wa Januari, kisha wa Machi. Januari yote ni sabini na tano. Machi yote ni themanini na mbili.

Bwana Kishore alisema kwa upole, "Mama, mashine haina sababu ya kusema uongo."

"Na mimi ninayo?"

Meneja aliona haya kidogo. Akaanza kusema kwamba amesikia, tena kwa watu wengi, kwamba mama ana imani zake kuhusu nyimbo na upishi, na kwamba mtu mwenye imani za namna hiyo huenda akaandika kile anachotaka kukiona. Juu ya ngazi, mimi niliendelea na balbu.

Bi Salanieta hakupandisha sauti. Alizungusha daftari limwelekee meneja, akashusha kidole kwenye safu ya Machi.

"Bwana meneja, mtu mzembe hachelewi dakika saba kila siku. Leo angechelewa tatu, kesho ishirini, keshokutwa angesahau kabisa. Nani anazembea sawasawa namna hii?"

Bwana Kishore aliisoma safu mpaka chini, akaanza tena juu. Ni mtu wa takwimu, na hiyo ilikuwa takwimu. Akakubali kupima mwenyewe, kesho yake, mbele ya fundi wa kompyuta ambaye Suva walikuwa wamemtuma.

Jioni hiyo Bi Salanieta alikuja stoo.

"Mtani, nipe saa yako ya refa."

Saa hiyo inajulikana. Nimechezesha nayo raga kwa miaka ishirini na sita, inahesabu sekunde, na haijawahi kukosea, tofauti na refa mwenyewe.

"Unaitakia nini?"

"Kupimia uongo."

"Wangu au wa mashine?"

"Wako hauhitaji saa." Akanyoosha mkono. "Naikopa kwa jungu moja tu."

Asubuhi fundi aliwasili na boti ya kwanza. Anaitwa Ashmita Prakash, mama wa watoto watatu, mwenye sauti ndogo na mkoba mkubwa. Bwana Kishore alikaa juu ya ndoo mbele ya jungu namba tatu, saa yangu mkononi, kamba yake shingoni, akaibonyeza mvuke ulipofunguliwa. Wanawake wa makopo walisogeza mapumziko yao ili yaangukie hapo. Kwaya iliimba. Joto lilikuwa la kawaida yetu, yaani shati la meneja lilibadilika rangi kabla ya wimbo wa tatu.

Skrini ilipofika sabini na tano kengele ililia, na mkono wa Bi Salanieta ukafunga mvuke kabla kengele haijamaliza. Bwana Kishore akatazama saa.

"Themanini na mbili," akasema. Kisha, "Tena."

Jungu la pili lilitoa themanini na mbili. Wanawake wa makopo walirudi kazini bila kuitwa, jambo ambalo halijatokea kabla wala baada ya siku hiyo.

Ashmita alifungua programu ya Deo akaisoma kwa nusu saa. Alichokikuta nakieleza kama nilivyokielewa, na aliyeelewa zaidi anisamehe. Programu ile haikuwa inatazama saa hata kidogo. Ilikuwa inalala. Iliiomba kompyuta iiamshe baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, ikiamshwa inahesabu moja, inalala tena. Ikihesabu kumi, kwake hiyo ni sekunde. Ikihesabu elfu arobaini na tano, kwake hizo ni dakika sabini na tano, na kengele inalia. Ubaya ni kwamba kompyuta ilikuwa inachelewa kuiamsha. Kila mara kidogo tu, kiasi ambacho binadamu hawezi kukihisi. Mara elfu arobaini na tano, kidogo hicho kinakuwa dakika saba. Saa ya pembeni ilikuwa sahihi muda wote, maskini, hakuna aliyeiuliza.

Bwana Kishore akauliza swali la maana: kama Deo aliandika kosa hilo miaka kumi na miwili iliyopita, mbona mpaka Januari hesabu zilikuwa sawa? Ashmita alizunguka chumba akitafuta jibu. Akasimama mbele ya ile karatasi yangu, maana mimi ndiye chanzo chake, akaisoma.

"Nani aliandika hii?"

Bwana Kishore alianza kutabasamu, akataka kumweleza habari ya malaika. Ashmita hakutabasamu. Alimgeukia Bi Salanieta.

"Shangazi, kwa nini kwaya isizimwe?"

"Ikizimwa wanachelewa. Ilikuwa hivyo. Siku hizi wanachelewa hata ikiimba."

Ashmita akauliza kama kompyuta ya zamani bado ipo. Hapa naomba wasomaji wakumbuke kwamba nimelaumiwa miaka mingi kwa kutotupa vitu. Niliitoa chini ya mabomba ya plastiki, nikaifuta utando wa buibui, ikawekwa juu ya meza ya kantini katikati ya sahani za dalo, yale majimbi yetu, ikawaka. Wakaiwashia kwaya na programu ya Deo, wakapima dakika kumi kwa saa yangu. Zikatoka kumi kamili. Ashmita akazima kwaya. Dakika kumi zikatoka kumi na sekunde hamsini na sita. Akawasha kwaya. Kumi kamili.

Katika mfumo wa zamani, alieleza, kompyuta kwa kawaida iligutuka mara chache, lakini programu yoyote inayopiga muziki ilihitaji igutuke mara nyingi ili sauti isikatike. Na ikishagutuka kwa ajili ya muziki, iliwaamsha wote waliolala humo kwa wakati wao, pamoja na programu ya Deo. Deo alipima kazi yake huku nyimbo zake zikiimba, akaona iko sawa, akaondoka. Hakujua kwamba programu ya kupiga nyimbo za sinema ndiyo iliyokuwa inamshikia saa. Akina mama wa Korolailai wakapokea kazi hiyo bila mshahara kwa miaka yote iliyofuata. Mfumo mpya hauko hivyo. Kila programu inaamshwa kivyake, na kwaya inamsaidia mwenye kwaya peke yake.

Kantini nzima iliniangalia mimi. Niliangalia dalo.

Bi Salanieta alilichukua daftari lake. Alipopita karibu yangu alisema, "Miaka kumi, mtani," akarudi kwenye majungu.

Watani hawaombani radhi, na mimi sitakuwa wa kwanza kuharibu desturi. Kwa hiyo haya yafuatayo yasomwe kama taarifa tu ya stoo. Mwanamke huyu aliona jambo, akalipima, akaliandika, akatueleza. Nilichofanya mimi ni kulifanya kichekesho, kichekesho kikafika ofisini kabla yake, na alipohitaji kuaminiwa kikawa kimeshakaa kwenye kiti chake. Sababu yake hakuijua. Ukweli wake aliujua sawasawa. Taarifa imekwisha.

Ashmita alirekebisha programu siku hiyohiyo; sasa inaiuliza saa badala ya kuhesabu usingizi wake. Jungu la kwanza lilitoka kwa dakika sabini na tano, la pili pia, na nyama ikarudi kuwa ya kukatika kwa uma badala ya kijiko. Bwana Kishore hakuishia kuifuta barua kwa barua nyingine. Jumamosi alikuja nyumbani kwa Bi Salanieta na furushi la yaqona, mizizi ya kinywaji chetu cha heshima, lililofungwa vizuri kuliko la mtu wa hapa, akaketi chini mkekani, akaomba msamaha mbele ya kaka zake. Kaka mkubwa alilipokea, tukanywa. Barua yenyewe Bi Salanieta alikataa kuichana. Imo ndani ya daftari la arobaini na moja, kama alama ya ukurasa.

Kwaya nayo bado inaimba. Haina kazi yoyote ya kiufundi sasa. Mrithi wake wa majungu, Bi Vasiti, ameahidi kutoizima, na karatasi iko palepale. Jina la Mama wa Malaika tulikubaliana life. Wanaolitumia sasa ni wanawake wa makopo peke yao, na wanalitumia wakitaka awaombee mshahara uwahi.

Bi Salanieta, kwa niaba ya stoo, meza, makopo na ofisi, tunakushukuru kwa miaka thelathini na minne ya samaki walioiva na watu ambao hawakuungua. Nenda Korolailai ukapumzike. Miguu ishuke, mihogo izae, wajukuu wasikupandie mgongoni mpaka chai iishe, na kila utakayemwambia jambo akuamini mara ya kwanza.

Limebaki dogo. Jumamosi tarehe 6 Desemba Waidamu inacheza na Korolailai, na refa ni mimi. Uliikopa saa yangu mwezi Machi, ukasema ni kwa jungu moja tu. Nimevumilia kwa sababu ya utani, na kwa sababu ya zile dakika saba, lakini hata kwa mfumo ule mpya jungu moja haliivi miezi minane. Niachie stoo, kwenye ule msumari wa koti. Nimeukaza.